Visima vya Kale na Mashine ya Kutafuta Chuma



Somo la safari hii limetokana na swali ambalo tumeulizwa katika vikao vingi, kuanzia Mtwapa mpaka ng'ambo ya Sabaki. Swali lenyewe ni hili: "Wamekuja wageni na mashine ya kutafuta chuma ardhini. Wanataka tuwaonyeshe visima vya zamani. Wanasema watatulipa. Tufanye nini?" Vikundi vingine vimeshakwenda mbele zaidi, vinauliza kama inafaa kutoa pesa za mzunguko vinunue mashine yao wenyewe.

Swali hili halijibiwi kwa kusema "msifanye" tu halafu tukafunga kikao kwa sala. Kijana ambaye hana kazi, akisikia kuna dhahabu ya Mreno chini ya mbuyu, anataka kuelezwa sababu. Basi tulichambue polepole, na kila mwanakikundi achangie anachokijua.

Kwa nini wanauliza kisima?

Wale wageni si wajinga. Mtu anayetafuta vitu vya kale huanza kwa kuuliza maji yalikuwa wapi. Tazameni pwani yetu. Hori la Mtwapa ni maji ya chumvi, la Kilifi ni chumvi, la Mida ni chumvi. Mto wa maji baridi ni Sabaki, na uko mbali na miji mingi ya zamani. Kwa hiyo watu wa kale walipotaka kujenga mji, walichimba kisima kwanza. Gede kuna visima, Mnarani pale juu ya hori la Kilifi kuna kisima kirefu sana, na Jumba la Mtwana visima viko karibu na misikiti. Msikiti ulihitaji maji ya kutawadha, kwa hiyo kisima na birika vilijengwa pamoja nao.

Na pale kisimani ndipo watu walipokutana, kama leo. Mama anateka maji, pete inamtoka kidoleni. Mtoto ametumwa na sarafu, inaanguka. Kamba inakatika, ndoo inabaki chini. Msafiri anapumzika kivulini, anasahau kisu. Mkijumlisha miaka mia tatu au mia nne ya mambo kama hayo, mtaelewa kwa nini ardhi ya kisimani ina vitu vingi kuliko ardhi ya shamba.

Jinsi ya kujua kisima cha kale

Hapa tunataka tukae kidogo, kwa sababu ujuzi huu ni wenu na unapotea. Wazee wanaoujua wanaondoka, na vijana wamezoea maji ya mfereji yanayotoka Baricho (yakitoka!).

Dalili ya kwanza ni majina. Mahali panapoitwa Kisimani au Visimani, hata kama leo hamuoni kisima, jina halikuanguka kutoka mbinguni. Dalili ya pili ni miti. Mbuyu mkubwa na mkwaju mkubwa vikiwa pamoja, tena mahali ambapo msitu wa kawaida haupo, mara nyingi palikaliwa na watu. Mbuyu peke yake hautoshi, kwa maana pwani yetu mibuyu ni mingi. Tazameni chini yake. Mkiona vigae vya vyungu vimetawanyika, mawe ya matumbawe yaliyochongwa au yenye chokaa, kauri za pwani mahali palipo mbali na bahari, au kipande cha bakuli la kijani kinachong'aa kama kioo, hapo mnasimama juu ya mtaa wa watu. Kile kipande cha kijani huenda kimetoka China. Msikidharau kwa kuwa ni kigae.

Dalili ya tatu ni mdomo wa kisima wenyewe. Kisima cha kale kilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mara nyingi mtaona mifereji membamba kwenye ukingo, kama jiwe limekatwa kwa msumeno. Hiyo ni alama ya kamba. Kamba ya minazi imekata jiwe! Fikirini ni mikono ya akina mama wangapi. Kikifukiwa, hubaki shimo la mviringo lililojaa takataka, na kiangazi nyasi za pale hukauka baada ya zile za jirani.

Wenzetu wa vikundi vya maji, dalili hizi zina faida nyingine. Waliochimba visima vile walijua mahali maji baridi yalipo juu ya maji ya chumvi. Kikundi kinachotafuta mahali pa kuchimba kisima kipya kitafanya vizuri kuanza kwa kuuliza vya zamani viko wapi, vilikuwa na kina gani, na vilikauka lini. Kule Gede kuna dalili kwamba kisima kilichimbwa tena kuwa kirefu zaidi. Bwana James Kirkman, aliyefukua magofu yale kuanzia mwaka 1948, alitaja kushuka kwa maji kuwa mojawapo ya sababu za watu kuuhama mji, pamoja na vita na mashambulizi ya nyakati zile. Mji wa mawe, wenye ukuta, msikiti mkuu na jumba la mfalme, ulishindwa ndoo iliporudi tupu.

Mashine inasikia nini, na haisikii nini

Ile mashine, wengine wanaiita ditekta, ina duara chini inayotoa nguvu ya sumaku kuingia ardhini. Ikikuta chuma, shaba, fedha au dhahabu, nguvu ile inarudi na mashine inalia. Basi. Haina macho wala haijui mwaka. Inalia kwa pete ya dhahabu, na inalia vilevile kwa kifuniko cha soda, msumari, bati la kopo na kipande cha jembe. Sarafu ndogo haiisikii ikiwa chini sana. Kwa mashine za kawaida ni kama kina cha shubiri moja hivi. Mchanga wa ufuoni uliolowa maji ya chumvi unaisumbua, na mchanga mweusi wenye madini ya chuma unaisumbua pia. Kwa hiyo anayeitumia kwetu atachimba mashimo mengi ya bure kabla ya kupata kitu.

Lakini jambo kubwa ni lile isilolisikia. Pwani yetu ya kale mali haikuwa chuma peke yake. Ilikuwa nguo, shanga, kauri, pembe za ndovu, vyombo vya udongo kutoka Uajemi na China. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoiliza mashine. Mchimbaji anayefuata mlio anatoboa katikati ya vitu hivyo vyote na kuvivunja ili afike kwenye msumari.

Tuchukue mfano wa Gede. Nyumba za pale zilipewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani yake: kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Sarafu ya China. Mkasi mmoja uliooza kwa kutu, ukiuuza sokoni hupati hata pesa ya unga. Lakini kwa kuwa aliyeukuta aliandika uko chumba gani na tabaka gani, nyumba nzima imepata jina, na watoto wetu wa shule wanakwenda kuiona. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji wa kale wa Gede katika orodha ya urithi wa dunia.

Mambrui ni hivyohivyo. Mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Peking walikuta sarafu moja ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala kati ya 1403 na 1424. Sarafu kama hiyo China ziko tele, bei yake ni ndogo. Habari yake ilienea duniani kwa sababu ilitoka katika ardhi ya Mambrui, katika tabaka linalojulikana. Kama ingeokotwa usiku na kufungwa kwenye kitambaa ingekuwa shaba tu.

Na kuna habari ya Australia tunayoipenda sana. Mwaka 1944 askari mmoja wa huko, Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Baadaye sana zikatambuliwa: tano zilikuwa za Kilwa, hapa kwetu Uswahilini! Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Wanaweza kubishana kwa sababu yule askari alitia alama kwenye ramani mahali alipoziokota.

Tuseme hivi kwa lugha ya vikundi. Ardhi ya mji wa kale ni kama daftari la mweka hazina. Kila tabaka ni ukurasa, mpya juu, wa zamani chini. Anayechimba shimo kufuata mlio anachana kurasa na kuzichanganya, kisha anakuonyesha kipande kimoja chenye tarakimu. Hata kama tarakimu ni kubwa, hesabu imeshapotea.

"Lakini dhahabu ipo!"

Ndiyo, mara chache ipo. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wataalamu walikuta zaidi ya sarafu 2,000 mahali pamoja, karibu zote za fedha, ndogondogo, na chache za dhahabu. Zile chache za dhahabu zilisaidia kujua kwamba akiba ile ni ya karne ya 11. Hatutaki kuwaficha habari hiyo, mtatuona tunawadanganya. Lakini angalieni pia upande wa pili: ndugu zetu Tanzania wapo waliochimba miaka nenda miaka rudi karibu na maboma ya Mjerumani wakitafuta rupia, wakaacha mashamba na kuuza mbuzi. Na matapeli wameshajua ugonjwa huu. Mgeni akiwaambia mtangulize pesa ya dawa, ya kafara au ya kukodisha mashine, huyo dhahabu yake ni nyinyi.

Nani hufaidika? Hapa pwani hatuna haja ya kubahatisha, tuna ushahidi wa vigango. Miaka ya 1980 na kabla yake, vigango vya wazee wa Kigiriama viling'olewa makaburini usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara, kisha vikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri Marekani. Aliyeng'oa alipata pesa ya siku chache. Aliyeuza ng'ambo alipata maelfu ya dola. Familia ilibaki na shimo, na msiba juu ya msiba. Mwaka 2007 vigango viwili vilirudishwa kutoka Marekani, baada ya miaka mingi ya kufuatilia. Viwili tu vilirudi wakati ule, na kazi ya kuvirudisha vingine imekuwa ndefu. Mnyororo wa ditekta ni uleule: kijana, dalali, mnunuzi wa mjini, mnunuzi wa ng'ambo. Kijana ndiye anayelipwa kidogo, na askari wakija ndiye anayekamatwa wa kwanza.

Sheria inasemaje

Sheria yetu ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ni ya mwaka 2006. Kwa kifupi: kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kinahesabiwa kuwa cha kale, kasoro vitabu na hati. Kuchimba au kupekua ardhi kukitafuta bila leseni ni kosa. Anayekikuta kwa bahati, mathalani akilima au akichimba choo, anatakiwa kutoa habari kwa Makumbusho katika muda wa siku saba, aseme mahali penyewe na alivyokipata. Kukipeleka nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kumiliki shamba hakukupi ruhusa, na ruhusa ya mdomo ya chifu au mzee wa mtaa si leseni. Mgeni akisema anayo leseni, mwambieni aitoe mezani, kisha mpige simu Makumbusho kabla hajashusha mashine kutoka garini. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa hilo. Wengi huja wenyewe wakiwa na mtu wa Makumbusho.

Tena, kisima kilicho kando ya msikiti wa kale au makaburi si cha kikundi kukitolea neno peke yake. Ndugu zetu Waislamu waulizwe. Na makaya yana wazee wake. Mkikuta kisima ndani ya msitu wa kaya, hapo hapana mjadala, mnakwenda kwa wazee.

Hatari ambazo hazisemwi

Mambo matatu tunayataja haraka, lakini msiyapite haraka.

Kisima kikavu kinaweza kuwa na hewa mbaya. Wachimbaji wanapenda kushuka kwa sababu vitu vimeangukia chini. Mtu anashuka, analegea, mwenzake anashuka kumwokoa, wanakufa wawili. Mbinu ya kushusha taa ni nzuri kwa upande mmoja tu: ikizimika, hakuna kushuka. Ikiendelea kuwaka, bado si hakika kwamba hewa ni salama. Na kuta za mawe ya kale hushikana kwa mazoea. Ukichimba kando yake zinaporomoka.

La pili, si kila mlio ni mali. Mwaka 1940 ndege za Kiitalia zilidondosha mabomu Malindi. Mkikuta chuma kizito chenye umbo la chupa au risasi kubwa, acheni kama kilivyo, rudini nyuma, zuieni watoto, muiteni polisi.

La tatu ni maji yenyewe. Jiwe letu la matumbawe lina nyufa nyingi. Ndiyo maana tunawafundisha kuweka choo angalau mita 30 kutoka kisimani. Mashimo ya wazi yanayozunguka kisima hujaa maji ya mvua na kinyesi cha ng'ombe, na yale maji hayana safari ndefu kufika kwenye ndoo yako.

Mfano wa kutunga wa kujadili

Kikundi cha akina mama 25 kinatumia kisima cha kale kilichofukuliwa na kujengewa upya mdomo. Wageni wanatoa shilingi 20,000 wachimbe kando yake siku tatu. Mwenyekiti anasema, "Mama zangu, pesa hizi zimekuja wenyewe." Mweka hazina anatoa kalamu. Elfu ishirini kwa watu 25 ni shilingi 800 kila mmoja. Mvua inanyesha, maji yanaharibika, na sasa kila nyumba inanunua maji kwa muuzaji wa mkokoteni. Tuseme mitungi mitano kwa siku, kila mtungi shilingi 20. Hiyo ni shilingi 100 kwa siku. Zile 800 zimeisha siku ya nane, na mashimo bado yako.

Kikundi kinaweza kufanya nini badala yake?

Kwanza ramani. Chukueni alasiri moja, tembeeni na wazee wawili au watatu, mkiandika kila kisima: jina, nani alikitumia, kina kwa pima za kamba, kama maji ni baridi au ya magadi, kilikauka lini. Mwenye simu apige picha, lakini asiziweke mitandaoni zikiwa na mahali, maana hapo mtakuwa mmewachorea wezi njia. Nakala moja ibaki kwa katibu, moja iende Makumbusho ya Malindi, Gede au Fort Jesus Mombasa, palipo karibu nanyi.

Mkiokota kitu, msikisugue kwa ndimu wala mchanga kiwake. Kusugua ndiko kunakoondoa maandishi. Kifungeni kwa karatasi kavu, tieni kijiti mahali kilipotoka, peni habari siku zile saba hazijaisha.

Kuhusu kipato, msitarajie kwamba kila kisima kitaleta watalii. Huo nao ni uongo mtamu. Lakini mtazame Kipepeo, mradi ulioanza mwaka 1993 palepale Gede. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hulisha viwavi mpaka vijifunge, na huuzwa ng'ambo kabla kipepeo hajatoka. Pesa zinapatikana kwa sababu msitu haujakatwa. Kikundi chenye magofu jirani kinaweza kuuliza Makumbusho kuhusu kazi za ulinzi, kufyeka, chakula cha wanafunzi wanaotembelea, au vibarua wakati wataalamu wanapofukua. Ni pesa ndogo, na hurudi tena msimu ujao.

Maswali ya kikao

Ni visima vingapi vya zamani mnavyovijua katika kijiji chenu, na ni nani aliyewaonyesha? Mgeni akija kesho na ditekta, atampitia nani kwanza, na huyo amejiandaa kusema nini? Kama kijana wenu ameshachimba na amepata kitu, kikundi kitamsaidiaje akipeleke Makumbusho bila kumtia aibu mbele ya watu? Na kile kisima kilichofukiwa kwa takataka karibu na njia ya shule, mna sababu gani ya kutokifukua na kukisafisha kiangazi hiki, mkiwa na mtaalamu wa maji wa kaunti na mtu wa Makumbusho pamoja nanyi?

Vikundi vitakavyochora ramani vituletee nakala kupitia kwa katekista au ofisi ya parokia kabla ya mvua za masika. Tutachapisha majina ya visima na masimulizi ya wazee, lakini mahali penyewe hatutapaonyesha.